Tone Juu ya Kucha

Kwa miaka yote niliyompelekea maziwa, Fundi Mkuu hakuwahi kupokea dumu langu bila kulipima kwanza. Alifungua kifuniko, akachovya ncha ya kijiti safi, akadondosha tone moja juu ya kucha ya kidole gumba. Kisha anakiinamisha kidole polepole na kutazama. Tone likisimama, maziwa ni maziwa. Likiteleza na kukimbia, mwenye maziwa amepitia bombani. Kila mwenye ng'ombe anaujua upimaji huo, na mimi ni binti wa Kiarusha, nimekua nikikamua kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo nilijua pia maana yake. Maana yake ni kwamba huyu mtu ananiona mwizi.

Tone langu halikuwahi kukimbia. Kesho yake alipima tena.

"Fundi, mpaka leo huniamini?"

"Mimi nakuamini, Yeyo," anasema, kidole bado kimeinama. "Kucha yangu ndiyo haijakuamini."

Wanaume waliokuwa ndani wanacheka, mume wangu akiwa mmoja wao, na mimi nacheka kwa midomo. Asichokijua ni kwamba wakati yeye anapima maziwa, nami nilikuwa nampima yeye. Sikuwa na kucha ya kumpimia mtu. Nilikuwa na macho tu, na mume wangu, Baba Neema, mle ndani ya karakana, akivuta moshi kuanzia asubuhi.

Karakana yenyewe ilikuwa Sakina, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi, kati ya fundi wa matairi na duka la vipuri. Walitengeneza mageti, grili za madirisha, matela ya trekta, vitanda vya chuma, na minara ya kuwekea matangi ya maji. Jina halisi la mwenye karakana nadhani lilijulikana kanisani na kwa watu wa kodi. Wengine wote tulimwita Fundi Mkuu, na baadaye niligundua kwamba hata mke wake alimwita hivyo. Mimi aliniita Yeyo, kama watu wa mjini wanavyowaita wanawake wa Kiarusha. Wapo wanaolitamka neno hilo kama wanafukuza kuku. Yeye alilitamka kwa heshima, na hilo nalo lilinitia wasiwasi, kwa sababu mtu anayekuheshimu kwa mdomo na kukupima kwa kucha, wewe umshike wapi?

Maziwa yalikuwa sheria. Ukipita karakana zote za upande ule utakuta wachomeleaji wanakunywa maziwa, kila mtu kwa hiari yake, wengine pakiti ya dukani, wengine mtindi. Wanaamini yanaondoa moshi kifuani. Lakini kwa Fundi Mkuu haikuwa hiari. Saa kumi jioni mashine zinazimwa, wanaume wanakuja na nyuso nyeusi kama wametoka kuvuna asali usiku, kila mmoja anapewa kikombe kikubwa cha bati, anakunywa akiwa amesimama hadi mwisho, anageuza kikombe chini kuonyesha kwamba hakikubaki kitu. Asiyekunywa, kesho hashiki mashine.

"Moshi hauna meno," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Unaingia, unakuta maziwa, unateleza, unatoka. Maziwa yanaosha kifua."

Siku moja nilishindwa kunyamaza. "Fundi, mimi nimeolewa zamani, na sijawahi kumwona mwanamke anayeosha sufuria kwa maziwa. Sufuria la maziwa lenyewe tunalisugua kwa shida."

Wanaume walicheka hadi mmoja akapaliwa. Fundi Mkuu naye alicheka, kifua chote kikitikisika, akafuta macho. Halafu akasema, "Kifua si sufuria, Yeyo," na mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu karakana ilikuwa yake.

Mtu ataniuliza, wewe muuza maziwa, kinachokuuma ni nini? Si ungefurahi? Nilifurahi. Ng'ombe wangu walikula pumba nzuri kwa sababu ya sheria ile, na sitakuwa mnafiki nikakana. Lakini mama mkwe wangu, aliyekuwa na utani mkali na watu wa Kilimanjaro, kwao Fundi Mkuu, aliniambia, "Mchaga akikupa kitu bure, kigeuze uone nyuma kuna nini." Nilikigeuza. Nikajiuliza, tajiri gani anayewanywesha wafanyakazi wake maziwa kila siku ya Mungu, kama hakuna jambo analojua na wao hawalijui? Mtu hamnunulii mwenzake dawa bila kuwa na habari ya ugonjwa.

Na yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akinywa. Hilo niliona mapema, nikaliweka moyoni. Aligawa vikombe, akatazama koo za watu zikipanda na kushuka, na kilichobaki kwenye dumu akakimimina kwenye chupa, akaifunga kwa mfuko, akaenda nayo.

Halafu lile suala la mlangoni. Kila mtu alimsifu kwamba ndiye aliyekuwa mchomeleaji bora Arusha nzima, na sifa hizo si za uongo. Nilimwona akiwa amegeuza mgongo, anazungumza na mteja, mara ananyamaza na kutega sikio. Ndani mtu anachomelea. "Rudia hiyo," anasema bila kugeuka. "Inatoa sauti ya kukaanga mayai. Nataka ikaange nyama." Wanaivunja ile kazi, wanakuta kweli haijashika. Basi mtu wa namna hiyo, kwa nini hashiki mashine? Yeye alikaa mlangoni. Alisimama pale kwenye kizingiti, koti lake la kahawia mwilini jua liwe mvua iwe, uso umeelekea nje, ule upepo unaoteremka kutoka mlimani ukimpiga kifuani. Wenzake ndani hawaonani kwa moshi, yeye anavuta hewa ya Mlima Meru.

Yalipokuja mabomba meupe ndiyo kabisa. Haya ni mabomba yaliyopakwa zinki yasishike kutu, na kulikuwa na shamba moja la maua kule Nduruma lililoyataka kwa wingi kwa ajili ya vibanda vya maua. Ukiyachoma, yanatoa moshi mweupe mzito na unga unaoelea kama mtu amepuliza pumba. Siku za mabomba meupe Fundi Mkuu hakusimama hata mlangoni. Alikwenda barabarani kabisa, kusalimiana na watu asiowajua.

Na usiku wa siku hizo mume wangu alitetemeka. Baridi inamshika akiwa chini ya mablanketi, meno yanagongana, mdomoni anasema kuna ladha ya sarafu, na asubuhi anaamka mzima, anaenda kazini. Mwanzoni tulisema ni malaria. Tulinunua dawa za malaria mpaka muuza duka la dawa akaanza kututania kwamba sisi ndio tunafuga mbu. Wenyewe kule karakana walikuwa na jina lake: Jumatatu ya zinki. Walisema Jumapili mwili umepumzika, umesahau, kwa hiyo Jumatatu moshi unaupiga kama mgeni. Walilisema hilo kwa kicheko, kama watu wanavyosimulia jinsi walivyolewa. Fundi Mkuu alichofanya ni kuongeza maziwa. Siku za mabomba meupe, vikombe viwili.

Sasa nitasema na upande mwingine, maana mtu si ubao wenye uso mmoja. Fundi Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichosha. Neema alipopata kipaimara, alituletea mbuzi bila kualikwa, akakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, akala loshoro yetu ya mahindi na mtindi kwa mkono na kuomba iongezwe, kisha akaimba besi kwenye nyimbo zote za usharika kama vile kwao ni kwetu. Mfanyakazi akifiwa, karakana inafungwa. Hakumtukana mtu. Hakumkata mtu siku yake kwa kuumwa. Na bado hakumwamini yeyote duniani. Vifaa vilihesabiwa jioni, mtu mmoja mmoja akiinua mikono. Wateja waliombwa waache simu mezani. Hata geti la karakana yake, alilolitengeneza kwa mkono wake enzi zake, lilikuwa limeinama kwenye bawaba, likifunguliwa linakwaruza sakafu kwa kelele ya kutia meno ganzi.

"Fundi wa mageti," nilimwambia, "geti lako mwenyewe linaburuza. Si aibu?"

"Likilia, najua kuna mtu anaingia," alijibu. "Geti lisilolia ni rafiki wa mwizi."

Geti hilo lilikuwa linafungwa majira ya baridi. Anayeijua Arusha ya mwezi wa saba ataelewa: manyunyu asubuhi hadi jioni, mlima hauonekani, watu wanatembea na makoti kama wako Ulaya. Vijana walilalamika baridi, majirani walilalamika mwanga wa mashine unawaumiza macho, na Fundi Mkuu alilalamikia wezi. Basi wote walikubaliana, geti linafungwa, watu wanachomelea ndani. Nikifika na dumu langu lazima nigonge. Likifunguliwa, moshi ulitoka kabla ya mtu.

Marehemu Ombeni alikuwa wa kwanza. Alikuwa Mmeru, mpole, fundi mzuri wa grili za maua, hakuvuta sigara wala kunywa pombe. Alianza kwa kikohozi kikavu, akapunguka mwili, akapewa dawa za kifua kikuu ingawa vipimo havikuonyesha kifua kikuu, akarudi kwao upande wa pili wa mlima na hakushuka tena. Fundi Mkuu ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, ndiye aliyekaa naye, na kwenye maziko alilia kwa sauti hadi wazee wakamshika. Nililia na mimi, lakini jicho moja lilikuwa kwake. Nilitaka kujua analia kilio gani, cha aliyefiwa au cha anayejua.

Baada ya matanga alirudi karakana, akawakusanya. Baba Neema alinisimulia. Aliwaambia, "Ombeni alikuwa anamwaga maziwa yake. Nilimwona anampa paka. Mmeona matokeo." Na tangu siku ile, kila walipogeuza vikombe chini, alivikagua kwa ndani.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipogeuka kuwa chuki, niseme wazi. Maana mume wangu naye alikuwa ameanza. Nyumbani kwetu ni juu, kuna kilima cha kupanda ukitoka Sakina. Zamani alikipanda huku akipiga mluzi. Sasa alisimama katikati ya njia na kujifanya anatazama shamba la mtu. Nikimkuta, ananionyesha mahindi. "Hebu ona haya yalivyostawi," anasema, na kifua kinapanda na kushuka. Mahindi yale yale kila siku, hata yalipokwisha kuvunwa.

Nilimpeleka hospitali kwa kumvizia, tukiwa tumetoka kwenye kikao cha harusi. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimuuliza kazi yake, akamuuliza anachomelea wapi, ndani au nje, na anajikinga na nini. Baba Neema akajibu kwa kujiamini kwamba wanakunywa maziwa. Daktari hakucheka. Alisema, "Mzee, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kwenye mapafu. Hawakutani." Akasema kilichoharibika hakitarudi chote, lakini akitoka kwenye moshi sasa hivi, akafanyia kazi nje penye upepo, na barakoa ya kazi hizo badala ya kitambaa, ataishi vizuri tu. Akiendelea vile vile, asitegemee.

Tukiwa getini mwa hospitali mume wangu akaniambia, "Kijana mzuri. Lakini hajawahi kushika mashine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Fundi Mkuu angekuwa ameshasema."

Ndivyo ilivyokuwa. Ningeweza kulia, kususa, kumwita mchungaji, kumwita mama yake. Mtu mmoja tu duniani angeweza kumtoa Baba Neema kwenye moshi ule, naye ndiye aliyemwingiza. Nilimfuata karakana siku iyo hiyo. Nikamkuta mahali pake, mlangoni. Nikamweleza yote aliyosema daktari, neno kwa neno, wala sikupunguza sauti.

Alinisikiliza akitazama barabara. Kisha akasema, "Daktari amesoma, Yeyo. Mimi nimechoma."

"Na wewe mbona huchomi sasa? Mbona unasimama huku kwenye upepo?"

Alikohoa kidogo, akasema ni vumbi la malori. Akapokea dumu, akachovya kijiti, akapima tone. Lilisimama. Akafuta kucha, akapima tena. Sikuwahi kumwona akipima mara mbili. Nilijua ananilipiza kisasi mbele ya watu, nikaondoka bila kuaga. Njiani nilisema maneno ambayo mwanamke wa ushirika wa kina mama hapaswi kuyasema.

Baadaye akatoweka. Wengine walisema yuko Kilimanjaro kwenye migomba yake, wengine wakasema anajenga tena. Karakana aliiacha mikononi mwa Baba Neema, na mume wangu aliishika kama mtu aliyeachiwa Biblia ya familia. Vikombe saa kumi. Kukagua kwa ndani. Geti kufungwa. "Nimeachiwa ilivyo, nitairudisha ilivyo," alisema, akashika ukuta kupumzika. Nami nilimwona Fundi Mkuu katika mawazo yangu, ameketi chini ya migomba na kibuyu cha pombe ya mbege, mapafu yake mazima, anatucheka.

Simu ilipigwa na mke wake. Tulikuwa tunajuana kwa salamu tu. "Mama Neema, Fundi Mkuu anaulizia maziwa yako. Ya dukani anayarudisha. Kama unaweza, tuko nyumbani Moshono."

Nilichukua bodaboda, dumu juu ya magoti, manyunyu usoni. Sikwenda kwa wema. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, nimeyapanga toka la kwanza hadi la mwisho, na la mwisho lilikuwa Ombeni.

Nilimkuta barazani. Alikuwa ameketi wima kwenye kiti cha mbao, mito imemzunguka kila upande, na koti la kahawia lilikuwa limebaki kubwa kana kwamba ameliazima. Shingo ilikuwa inafanya kazi ambayo kifua kimeikataa. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba," alisema, akavuta pumzi, "Yeyo."

Maneno yangu yote yalinipotea. Mke wake akanivutia kigoda. "Kitandani halali tena," alisema. "Akilala anazama. Tulikuwa tunaficha, yeye mwenyewe hakutaka watu wa karakana wajue." Akalitazama dumu langu kwa upendo wa kweli. "Maziwa haya. Tangu anioe, kila jioni baada ya sala, vikombe viwili. Hajaruka siku. Mimi namwambia, bila maziwa ya Mama Neema ungekuwa umeshakwenda."

"Anakunywa?" niliuliza.

"Ile chupa anayokuja nayo? Ni ya nani basi?"

Akaingia ndani kutafuta vikombe. Tukabaki wawili, na manyunyu juu ya bati.

"Yeyo," Fundi Mkuu alisema, "nina swali. Sitakasirika." Alisubiri pumzi irudi. "Ulikuwa unatia maji?"

Nilisimama. Miaka yote ile, kucha ile, na sasa hata kwenye kiti cha ugonjwa! Nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikamwona macho. Hayakuwa macho ya kunishitaki. Alikuwa ananiomba.

"Hata kidogo," alisema. "Mwaka ule wa ukame. Ng'ombe walipokauka. Mtu anaongeza kidogo tu, ili watoto wapate kula. Ningeelewa. Sema tu."

Ndipo nilipoelewa niko na nani. Alikuwa hajui. Alikuwa hajawahi kujua. "Sikukaa mlangoni kwa ujanja," alisema, kana kwamba amesikia mawazo yangu. "Kifua kilikataa. Nikaona haya. Fundi Mkuu akikohoa, vijana watasemaje?" Alikuwa amekunywa dawa yake kwa imani kila jioni, akaona kifua kinakwenda, akatafuta mwizi. Kwanza alimpata Ombeni na paka wake. Baadaye akanipata mimi, akapima mara mbili, na tone likamkatalia.

Nikisema ndiyo, atapumzika. Nililiona hilo wazi. Nikisema niliongeza maji, basi yeye ameibiwa tu, sheria yake ilikuwa njema, na Ombeni hadai kitu kwake. Nani angenihukumu kwa kumdanganya mgonjwa? Lakini manyunyu yaliyokuwa Moshono yalikuwa Sakina pia. Shamba la maua lilikuwa limeleta mabomba meupe tena wiki ile. Saa ile ile geti lilikuwa limefungwa, na Baba Neema alikuwa ndani.

"Hata tone, Fundi," nilisema. "Hata mwaka wa ukame. Niliwapunguzia kipimo, maji sikutia."

Mke wake alirudi. Nilimimina. Fundi Mkuu alichovya ncha ya kijiko, akadondosha juu ya kucha, akakiinamisha kidole. Tone lilibaki pale pale, halikukimbia. Alilitazama muda mrefu sana.

"Basi si maziwa," alisema.

"Si maziwa, Fundi."

"Ombeni hakuwa anamwaga."

"Hata angemwaga, hata angekunywa ya zizi zima. Ingekuwa vile vile."

Mke wake alitutazama mmoja baada ya mwingine. Fundi Mkuu alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akanyoosha mkono. "Nipigie Baba Neema."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, nikamshikia simu mdomoni. Kule upande wa pili grenda ilikuwa inalia, halafu ikazimwa.

"Fungua geti," alisema Fundi Mkuu.

"Fundi? Shikamoo, Fundi! Jamani, ni Fundi Mkuu! Fundi, huku kuna mvua, na baridi..."

"Fungua. Tokeni wote. Mabomba hayo... yachomeeni nje. Ndani asichome mtu tena. Na alichosema daktari... ufanye."

Nilimsikia mume wangu akikohoa, akiweka simu mbali ili asisikike. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. "Na maziwa, Fundi? Ya saa kumi?"

Fundi Mkuu alinitazama mimi, siyo simu.

"Maziwa kunyweni mkiwa na njaa."

Hakukata. Nami sikukata. Tulisubiri, mke wake ameshika vikombe, hadi nikasikia geti lile likianza kukwaruza sakafu, likisita, likisukumwa tena, mpaka mwisho kabisa. Ndipo Fundi Mkuu akaifuta kucha yake kwenye koti.